Kitambaa cha Mgeni Rasmi

Jiwe lilisimama katikati ya bustani ya Kisarawe kwa miaka mia na ushei, refu kupita mlango wa msikiti, na kifuani pake limechongwa jina la bwana mmoja wa Kijerumani pamoja na maneno ya kumsifu kwamba alileta amani. Amani gani? Bi Mwanamvua alikuwa akiuliza hivyo tangu yu msichana wa kuteka maji, na hadi sasa, mvi zimemjaa kichwa, hajapata wa kumjibu. Amani yenyewe ililetwa kwa kamba. Watu watatu walinyongwa pale wakati wa Maji Maji, wakatupwa shimo moja bila kuoshwa, bila sanda, bila kuswaliwa, kisha jiwe likasimikwa juu yao ili ndugu zao wakose hata pa kulilia. Mmoja wao alikuwa Zahoro bin Pazi, babu yake mzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa bado tumboni.

Kwa hiyo kamati ya bustani ilipotangaza kwamba jiwe litang'olewa, watu walikuja kumpa Bi Mwanamvua hongera kama vile amepata mjukuu. Walikuwapo pia waliopinga, wakisema jiwe ni historia na litaleta watalii. Hao aliwaambia waje walichukue, wakalisimike uani kwao, waamke nalo kila siku.

Furaha yake haikumaliza wiki. Alikuja kusikia kwamba jiwe likishanyanyuliwa, mtambo wa kijiko utachimba msingi wote, na kifusi kitapakiwa kwenye malori mpaka Kongowe, kwenda kufukia kiwanja cha kuegesha magari. Kifusi! Babu yake amelala miaka yote hiyo chini ya sifa za mtu aliyemuua, na leo anatolewa ili akakanyagwe na matairi.

Alifunga safari mpaka Kibaha, akafikia kwa binti yake Maulida pale Sofu, na asubuhi akawa mlangoni kwa katibu wa kamati, Bwana Ipyana. Siku ya kwanza aliambiwa katibu yuko kikaoni. Siku ya pili yuko kikaoni. Kikao hicho kilikuwa kirefu kuliko eda. Siku ya tatu alimkuta, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Ipyana hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, alimwamkia vizuri, alimsikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa.

"Mama yangu," akasema, "miaka yote umetaka jiwe liondoke. Sasa linaondoka. Kilio cha nini tena?"

"Jiwe lilikuwa juu," Bi Mwanamvua akamjibu. "Mimi nina watu chini."

Ipyana alisema hakuna maandishi yoyote yanayoonyesha kaburi mahali pale. Bi Mwanamvua akamuuliza, kama walionyonga ndio walioshika kalamu, alitegemea waandike nini. Katibu akamshauri alete barua. Aliileta, akaigongesha muhuri, na mpaka Alhamisi ya sherehe ya kung'oa jiwe inafika hakuna aliyemjibu.

Alhamisi hiyo alitangulia bustanini na birika la chai ya tangawizi na sufuria ya mihogo ya kuchemsha. Wachimba kaburi hupewa chai, hata kama wenyewe hawajui wanachokwenda kuchimba. Dereva wa kijiko alikuwa mtu mzima wa Misugusugu, ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga. Akasema anaitwa Kashinje. Bi Mwanamvua aliposikia jina hilo akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, maana Msukuma na Mzaramo ni watani toka enzi na enzi. Akamwambia chai ipo ila michembe, vile viazi vikavu vya kwao, hakuna, atajiju. Kashinje akamwamkia kwanza, kisha akamjibu kwamba anashangaa kuona muhogo, kwa kuwa alisikia Wazaramo waliuza majembe yote wakalipia ngoma. Bi Mwanamvua alitaka amweleze habari ya shimo, lakini Ipyana akafika akipiga makofi: kazi ianze, mgeni rasmi yuko njiani.

Jiwe lilinyanyuliwa kwa minyororo, likalazwa ndani ya lori juu ya godoro jipya lisije likakwaruzika, likafunikwa turubai. Linakwenda kutunzwa stoo Kibaha. Pembeni, juu ya nguzo fupi, kulikuwa na bamba jipya lililofunikwa bafta nyeupe pana, bado inanukia duka, tayari kwa mgeni rasmi kuja kuifunua. Bi Mwanamvua alitazama godoro, akatazama bafta, kisha akatazama lori la kifusi lililokuwa likisubiri wazi. Jiwe lina godoro, chuma kina nguo, na binadamu hana hata kipande cha kanga.

Kijiko kilizamisha meno mara ya kwanza. Hapo akasogea mpaka ukingoni, mbele ya watu wote, wala hakupaza sauti sana.

"Kashinje, mtani wangu. Hapo unapochimba pana msiba wangu. Umekuja kuzika, au umekuja kuiba maiti?"

Kashinje akazima injini. Akauliza ni nani aliyelala humo. Bi Mwanamvua akamtajia majina matatu. Yule mtu akashuka, akavua kofia ngumu, akaingia shimoni, na akajilaza chali kwenye udongo mbichi, mikono kifuani.

"Msiba huu hauendi popote," akasema, "mpaka mtani apewe chake."

Watu wa Kisarawe waliokuwa wamezunguka wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko wanawake wakaanza kulia. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia hakuna aliyewahi kuwalilia wale watu hadharani, na sasa kilio kilikuwa kimepata mlango.

Ipyana, mtu wa Rungwe asiyejua utani wa huku, alidhani dereva amelewa. Akamwamuru atoke, akamtishia kazi, akataka vijana wawili wamvute miguu. Hakuna aliyejongea. Mzee Badru, mchimba makaburi wa msikitini, ndiye aliyemweleza: mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu wala hakasirikiwi. Hutoka akishapewa ada yake, na ukimgusa umeuharibu msiba wa watu.

"Lakini huu si msiba," Ipyana akasema.

"Tangu alipolala, ni msiba," Mzee Badru akamjibu.

Ving'ora vikaanza kusikika barabarani. Katibu akainama ukingoni na kumuuliza Kashinje anataka nini. Kashinje alinyoosha kidole kuelekea kwenye bafta.

Bi Mwanamvua hakungoja ruhusa. Aliivuta mwenyewe, utepe ukakatika, na bamba likabaki uchi juani. Jina la mgeni rasmi lilikuwa juu, kwa herufi kubwa za dhahabu. Chini yake, kwa herufi ndogo: kwa heshima ya mashujaa wasiojulikana.

Alisoma mara mbili. Kisha akaipasua bafta vipande vitatu kwa meno na mikono.

Kashinje alitoka, akashika jembe la mkono pamoja na Mzee Badru, wakachimba polepole. Udongo ulipowafika kiunoni wakakuta mifupa, imechanganyika, na pingu moja ya chuma iliyoliwa na kutu. Ya nani ni ipi, Mungu ndiye anayejua. Waliigawa katika sanda tatu kwa kadiri walivyoweza, wakazifunga.

Mgeni rasmi aliwakuta hapo. Akatazama bamba, akamtazama Ipyana, akauliza kwa sauti ya chini kuna nini. Bi Mwanamvua akainuka, magoti yamejaa udongo.

"Waliomo humu ni Zahoro bin Pazi, Kibwana bin Mwinshehe, na Hamidu bin Kibwana, mwanawe," akasema. "Mji mzima unawajua. Hapa asiyejulikana ni wewe."

Akawageukia wanaume, akawaambia wabebe. Msafara ukaelekea makaburini, Kashinje yuko mbele na sanda ya Zahoro begani, akilalamika kwamba Wazaramo ni wazito hata wakiwa mifupa. Bustanini wakabaki mgeni rasmi na katibu wa kamati, na jiwe kwenye lori, limelala juu ya godoro.