Mifupa Isiyo Kitabuni

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu hunichemka.

Madaktari walikuja kutoka mjini na mashine ya kupima mifupa kisiginoni, wakaiweka ndani ya jumba la mababu wa ukoo wetu wa Kuang. Walitaka kujua kama udhaifu wa mifupa hurithiwa. Atakayekutwa na mifupa mibovu, yeye na ndugu zake wangepewa dawa bure. Nikamfikiria mama papo hapo. Alikuwa amevunjika mkono akiinua karai la kukaangia, kisha nyonga akivuka kizingiti. Na mimi mwenyewe, miaka arobaini na minne tu, nilikwisha kuvunjika mkono mara mbili.

Daktari Ji, msichana mpole mwenye miwani, alimwomba Baba Mkubwa Decai amtajie watu wa familia. Baba Mkubwa akanawa mikono, akafungua kitabu cha ukoo, akasoma. Sasa, kitabu chetu huandika wana wa kiume. Mke huandikwa jina la ukoo wa baba yake, basi. Binti haandikwi kabisa. Daktari akapima wanaume kumi na mmoja, wote wazima kama chuma.

"Familia hii haina tatizo," alisema akikusanya karatasi. "Kesho tutakwenda kijiji kingine."

Nilikuwa nyuma ya jumba nikiwapikia wageni hao hao tambi za mchele. Nikaacha mwiko sufuriani, nikaingia.

"Haina tatizo? Baba Mkubwa, mama anatembea na mkongojo kwa urembo?"

"Punguza sauti, Yuemei. Wageni wanasikia."

"Ndiyo maana nimeipaza!"

"Shangazi leo kala pilipili zote peke yake," alidakia mpwa wangu mmoja, wanaume wakacheka.

Baba Mkubwa hakucheka. "Wewe uliolewa kwa akina Xiong. Binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa nje ya mlango. Kapimwe huko."

"Na mifupa niliyozaliwa nayo niliivua hapa mlangoni, siyo? Kupika mnanijua, kupimwa hamnijui!"

Daktari Ji aliona haya. "Mzee, kumbe kuna wanawake?"

"Kitabuni hawamo," alijibu. Sijapata kuona uso mkavu kama ule.

Nilimleta mama, nikamvua kiatu. Daktari akamkalisha, akapima, akarudia kupima. Kisha akanipima mimi. Maji hufuata mkondo: mifupa ya mama ilikuwa mibovu sana, na yangu ilikuwa njiani kuifuata.

"Mama, umezaa mabinti wangapi?" aliuliza. "Wote wapimwe mapema. Dawa husaidia kabla mtu hajavunjika."

"Mmoja," Baba Mkubwa akawahi kujibu.

"Wawili," alisema mama.

Nilimtazama mama nikidhani umri umeanza kumchanganya.

"Wawili," alirudia. "Wa pili mlimchukua siku ya tisa, mimi bado nimo chumbani kwenye mwezi wangu wa kukaa ndani baada ya kuzaa, siruhusiwi hata kuchungulia mlango. Nyumba ilitaka mtoto wa kiume. Wewe, Decai, ndiye uliyembeba."

"Shemeji, hayo ni mambo ya kale, tena mbele ya wageni..."

"Ulimpeleka wapi?"

Wanaume kumi na mmoja, hakuna aliyeinua macho! Nilitamani kuwapiga mmoja mmoja.

"Miaka arobaini sikuuliza," alisema mama. "Nilijiambia, huko aliko labda anapendwa, nisimharibie. Sasa naambiwa nilimpa mifupa hii, na hana wa kumwonya. Sema, Decai. Leo nauliza."

Baba Mkubwa akataja kijiji na jina la nyumba. Ilikuwa ni nyumba ya wauza tofu, ile jibini ya maharagwe ya soya, ng'ambo ya daraja, ambako mama hununua tofu kila siku ya soko.

"Yule mwenye mkono uliopinda?" mama aliuliza taratibu. "Yule anayenizidishia kipande kila mara?"

Hakungoja jibu. Alikwisha kuinama kukitafuta kiatu chake.