Mitetea Wenye Vilemba Vyekundu

Mwanamume wa Kianjokoma hakagui kuku. Mbuzi ni wake, ng'ombe ni wake, lakini kuku ni mambo ya wanawake, na akiinamia kizimba atachekwa mpaka sokoni. Mimi sikuwa na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeniita mama fulani. Nilikuwa mke wa Mbogo basi. Katika boma lile kuku ndio walikuwa kitu pekee kilichoitwa changu, na mitetea wangu walikuwa wanakaribia kutaga.

Niliwatambua mapema. Walipoanza kubadilisha manyoya niliwakagua shingoni, na mgongoni karibu na mkia. Manyoya ya kijogoo huchongoka na kung'aa; ya mtetea huwa na ncha ya mviringo. Kilemba cha kichwani hakiaminiki, maana mtetea akikaribia kutaga, chake nacho huiva kama pilipili.

Shemeji yangu Kivuti hakujua hayo, wala hakuuliza. Siku ya ruracio ya dada yao Ciku, wageni wakiwa njiani na mahari kutoka Gachoka, mimi nikiwa shambani nachuma majani chai, alifungua kizimba akachinja kila kuku mwenye kilemba chekundu.

Nilirudi na kikapu mgongoni nikakuta vichwa vimetapakaa uani. Mmoja alikuwa bado anarusha miguu. Nilimpasua. Tumboni viini vilikuwa vimeshikana kama kahawa kwenye tawi, na yai moja lilikuwa tayari, ganda bado laini. Lilikuwa na joto. Nililia kwa hasira.

"Kichwa nyekundu ni jogoo, kila mtu anajua," Kivuti alisema, akifuta kisu kwenye suruali. "Si nimekusaidia kazi, mke wa Mbogo? Utafuga zingine."

Nilichukua mchi wa kinu nikampiga kifundo cha mkono. Mfupa ulilia, kisu kikaanguka. Nikampiga tena, mdomoni, akatema jino na damu. Sikumwonea huruma na simwonei leo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alidharau la mwanamke akavunjika mkono.

Mbogo alikuja mbio akanizaba makofi mpaka nikaanguka juu ya manyoya na damu. Mama mkwe alitazama tu kutoka mlangoni. Niliinuka nikamwambia Mbogo narudi kwetu Kanja, na wale kuku wadogo waliobaki naondoka nao. Akasimama langoni.

"Wewe enda," alisema. "Lakini kuku ni za boma."

Niliingia kizimbani. Nilimshika wa kwanza nikamnyonga shingo, nikamtupa miguuni pake. Kisha mwingine. Walikuwa wamenizoea, walinijia wenyewe wakidhani nimewaletea chakula. Mama mkwe alianza kunisihi, akiniita Igoki, jina langu, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Niliendelea mpaka kizimba kikanyamaza.

"Za boma ndizo hizo," nikamwambia Mbogo.

Nikatoka mikono mitupu. Hakuna aliyenizuia.