Mistari Iliyogeukia Ukingoni

Kila asubuhi, wakati wa mapumziko, Mignonne aliegemea kabati la mashuka mwishoni mwa korido, kikombe cha kahawa mkono mmoja, simu mkono wa pili, akasubiri mchoro wake. Éliézer hakuwahi kumkosesha. Akiwa kwenye treni ya kwenda kazini alimtumia mkewe picha ndogo inayocheza: siku moja duara zinazopumua, siku nyingine nyasi zinazolala kwa upepo usioonekana. Hakuzichora kwa mkono. Aliandika maagizo mafupi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyochora. Mignonne hakujua inavyofanyika. Alijua tu kwamba kabla ya kurudi kwa wagonjwa wake, kuwageuza na kuwabadilishia mashuka, kulikuwa na kitu kimoja hapa hospitalini Jette, huku Ubelgiji, kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Leo simu ilitetemeka, akaifungua akitabasamu. Hakukuwa na mchoro. Kulikuwa na maneno: "Chérie, leo hakuna. Ile ya leo nimeipeleka kwa Tomoe."

Kahambu, aliyefanya naye zamu moja na aliyetoka mji wa Butembo kama yeye, alichungulia begani kwake.

"Tomoe ni nani?"

"Ni artiste wa Japon. Wanafanya ile mambo yao ya code."

"Bwana ao bibi?"

Mignonne alikunywa kahawa yake kwanza. "Bibi."

"Ehee!" Kahambu akapiga kofi moja, taratibu. "Bon, na weye uko naangalia tu. Bwana yako anaamuka, anaoga, anawaza mwanamuke wa Japon, na weye uko hapa unakumbatia kabati."

"Kahambu, acha. Ni kazi."

"Hata ya bwana yangu wa kwanza ilikuwa kazi."

Jioni, nyumbani kwao Berchem, Éliézer alimweleza yote bila kuulizwa mara mbili, na hilo ndilo lililomuumiza: hakuwa na cha kuficha. Tomoe Inagaki aliishi Kyoto. Yeye na wasanii wenzake wa huko walikuwa na mchezo wa kuandika maagizo mafupi mno, yanayotosha kuingia katika ujumbe mmoja wa mtandaoni, lakini yakifunguliwa yanazaa mvua nzima, au mji mzima wenye taa. Éliézer aliwafuata kwa miaka, kama wanaume wengine wanavyofuata timu ya mpira. Sasa Tomoe alikuwa amemkaribisha mchezoni. Mmoja anabadilisha kitu kimoja tu katika maandishi, kisha anayaacha kwenye ukurasa wao wa pamoja. Mwingine anafungua, anatazama, naye anabadilisha kimoja chake. Hakuna anayesema alichobadilisha. Mwenzake lazima akione mwenyewe.

"Yani anaangalia tu, na anajua uligusa nini?"

"Anajua! Chérie, ule mama ni hatari. Juzi nilipunguza rangi kidogo, kidogo hivi. Akaiona."

Mignonne alipitisha mkono kichwani. Alikuwa amesuka upya tangu juzi hiyohiyo.

"Nionyeshe na miye," alisema.

"Picha?"

"Apana. Ile maandishi."

Éliézer akacheka kwa upole, kama anavyocheka mtu anayemwondolea mwenzake mzigo. "Utachoka bure. Ni namba na alama tu. Weye nitakutumia picha yenyewe, ikiisha kuwa muzuri."

Mignonne akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Laiti angekuta maneno ya mapenzi katika simu ile, angejua la kufanya: angelia, angepiga kelele, angempigia mama mkwe. Lakini mtu analia vipi kwa sababu ya namba na alama? Yeye alipewa picha, Tomoe alipewa kile ambacho picha inatoka ndani yake. Yeye alikaribishwa sebuleni kwa heshima zote. Tomoe alikuwa jikoni, anafunua masufuria.

Jumamosi Éliézer alikwenda mazoezi ya kwaya, akaacha kompyuta mezani, pembeni ya mkate. Mignonne alikuja kuondoa mkate. Ukurasa ule wa pamoja ulikuwa wazi; Éliézer alikuwa amekwisha kubadilisha kimoja chake. Upande mmoja kulikuwa na maandishi, mafupi hata hayakujaza nusu ya kioo. Upande wa pili mistari myeupe ilitoka katikati ya giza, ikakimbilia ukingoni na kutoweka, mingine ikizaliwa nyuma yake na kukimbia vilevile.

Alikaa. Alitazama maneno asiyoyajua, mabano, namba, na mahali fulani, peke yake, alama ya kujumlisha ambayo hata mtoto wa shule angeitambua. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kitu kiharibike. Alitaka Tomoe afungue huko kwao akute kioo cheusi, aseme huyu mwanamume ni mzembe, atafute mwingine wa kucheza naye. Alifuta alama ya kujumlisha, akaweka ya kutoa.

Kioo hakikuwa cheusi. Mistari ilikimbia kama mwanzo, lakini ilipofika ukingoni ikasita. Ikajikunja. Ikaanza kurudi, mmoja mmoja, ikipishana na ile iliyokuwa ikitoka, kama watu wa nyumba moja wanaopishana koridoni asubuhi. Mignonne alisahau kwa muda kwamba ana hasira. Alipokumbuka kuirudisha alama mahali pake, funguo zilikuwa zinalia mlangoni, na ukurasa ule ulijihifadhi wenyewe kila ulipoguswa. Alichukua mkate, akaupeleka jikoni.

Jumatatu Éliézer alipiga simu saa za kazi, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Tomoe amegeuza mistari! Inarudi, chérie! Sijui aliwaza nini, ule mama. Miaka yote nafanya hii kitu, haikunifika kwa kichwa hata siku moja!"

Mignonne alishika rafu ya kabati. "Ni yeye?"

"Nani tena? Ni yeye."

"Na umemuuliza?"

"Sheria inakataza. Lakini alors, ni mambo ya kuuliza?"

Tangu siku hiyo Mignonne alibeba wivu wa ajabu, ambao hakuweza hata kumsimulia Kahambu: alimwonea wivu mwanamke mwingine kwa kitu alichokifanya yeye mwenyewe. Mezani alisikia sifa za mkono wa Tomoe, na mkono wenyewe ulikuwa palepale ukipakua ugali. Angeweza kusema. Ila kusema "ni mimi" kungemlazimu kusema pia alitaka nini siku ile. Michoro ya asubuhi ilirudi. Aliitazama haraka na kuifunga.

Tomoe alikuja majira ya machipuko, pamoja na wasanii wenzake, kwa maonyesho katika ukumbi mdogo karibu na Porte de Namur. Mmoja wao aliifanya kompyuta ioteshe kuvu ukutani, polepole, mbele ya macho ya watu. Mwingine alichora nyuso za watu wasiokuwepo kwa nukta tupu. Lakini ukuta mkubwa, ule unaoonekana ukiingia tu, ulipewa mistari inayorudi.

Mignonne alikuwa ameomba moyoni amkute Tomoe ana majivuno. Hakuwa nayo. Alikuwa kijana, mrefu, amevaa koti pana la kiume, na kwenye kola palikuwa na tone la mayonezi kwa sababu alikula chipsi za frites njiani akitembea. Alimpa Mignonne kiboksi kilichofungwa kwa karatasi, kwa mikono miwili.

"Kwa ajili yako," alisema kwa Kiingereza cha polepole. Kisha, akijitahidi: "Aksanti."

Éliézer ndiye aliyemfundisha. Hilo nalo Mignonne aliliweka pamoja na mengine.

Mzee mmoja wa Kibelgiji aliyesimama mbele ya ukuta aliuliza ni nani aliyefikiria mistari irudi. Tomoe alimwonyesha Éliézer.

"Huyu. Alivunja sheria, alibadilisha vitu viwili safari moja. Nilipoona ni nzuri hivyo, nikamsamehe."

Éliézer akacheka. "Anajishusha tu. Ni yeye."

"Si mimi. Ni wewe."

"Tomoe, tafadhali! Ni wewe."

Walisukumiana jambo lile kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake apite kwanza, mpaka kicheko cha Tomoe kikapungua, kikakoma. Alimtazama Éliézer vizuri na kuona kwamba hatanii. Akautazama ukuta. Halafu, kwa macho yale yaliyozoea kutafuta kilichoguswa, akamtazama Mignonne, na kiboksi kilichokuwa kimebonyea mikononi mwake.

"Ni miye," Mignonne alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Éliézer aliinama. "Nini, chérie?"

"Ni miye nilifanya irudi. Ile samedi ulienda kwaya. Nilitoa plus, nikaweka moins."

"Weye?" Uso wake wote ulifunguka. "Mungu wangu! Na haukuniambia? Kwa nini?"

Angeweza kuishia hapo. Furaha ile usoni mwa mumewe ilimtosha, tena alikuwa ameingoja tangu mwanzo. Lakini ilikuwa furaha ya kitu ambacho hakukifanya kwa nia hiyo, na alijua kesho, kwenye kabati la mashuka, ingemchoma.

"Juu nilitaka iharibike," alisema, na sasa sauti haikuwa ndogo. "Nilitaka yeye afungue, aone uko mutu wa bure, akuache. Nilisikia wivu, Éliézer. Haiko juu ya uzuri wake. Yeye, ukigusa kitu kidogo anakiona, na weye unafurahi vile umeonwa. Miye unaniletea picha ikiisha kuiva, kama mugeni. Nimechoka kuwa mugeni kwako. Unifundishe kusoma ile maandishi. Unitumie ikiwa ingali mbaya, ikiwa imevunjika, hata kama sitaelewa. Nataka na miye nikuangalie, nijue umegusa wapi."