Mwana wa Farasi Gani?

Mujukuu wangu Princesse, mwenye kuniita Kambo, alijifunza farasi huku akigeuza samaki. Nilimwambia mikono ifanye kazi yake na kichwa nacho kifanye yake. Chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa kwenye wavu mbele ya barza, na kijitabu cha maswali kilikaa chini ya jiwe ili upepo usikibebe. Upande wa pili wa wavu alikaa rafiki yake Kafula, mutoto wa jirani yetu wa Kibemba.

Kijitabu kilitoka kwa chama kimoja cha Lusaka, cha watu wenye kupenda farasi. Kila shule ya Nchelenge na Chienge ilituma watoto wawili, na maswali yote yalikuwa juu ya historia ya mbio za farasi. Farasi! Hapa tuko na mbuzi, bata, mbwa wa kila rangi, na viboko mu maji. Farasi mimi nilimuona kwenye kalenda ya misioni kule kwetu Kilwa tu, upande wa Bakongomani, mbele hatujavuka ziwa kuja huku.

Lakini hatukucheka sana. Wawili watakaoshinda wangepelekwa sekondari ya kulala ku Mansa, na chama kingewasomesha mupaka mwisho. Asiposhinda, Princesse alikuwa na njia moja. Binti yangu Chouchou, shangazi ambaye Princesse anamuita tantine, alituma habari kutoka kisiwa cha Chisenga kwamba mu kambi yao wanatafuta mikono ya kukausha samaki. "Princesse amekomaa," alisema. "Akuje." Kile kisiwa ninakijua. Musichana anaenda na daftari mu mfuko, na anarudi na tumbo, ao harudi. Basi Mungu anisamehe, kila siku nilisali juu ya farasi.

Shule yetu ilichagua hawa wawili, nao wakagawana kazi. Princesse alichukua washindi na miaka yao. Kafula alichukua uzazi, farasi huyu ni mwana wa nani. Mimi nilishika kijitabu na kuuliza. Shule yangu ya musingi ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo Kingereza ninakisoma kipande kwa kipande, sawa mutu anayetoa miiba mu samaki.

"Derby ya kwanza ya Epsom, mwaka wa 1780?"

"Diomed!"

"Nani alishinda Grand National mara tatu?"

"Red Rum. Kambo, unamutaja sawa jino linakuuma!"

"Soma, acha kunicheka. Kafula, Man o' War ni mwana wa nani?"

"Mahubah!"

Nilitazama mustari. Jina Mahubah lilikuwa pale, na jina lingine kando yake. Nikasema vizuri, tukaendelea.

Siku ya mashindano nilivaa kitenge changu cha kijani na tukaenda sale, ule ukumbi mukubwa wa ku boma. Wazazi tulikaa nyuma. Mimi nilikaa na mama ya Kafula, ambaye wote tunamuita BanaKafula, mwanamuke mwenye sauti ya kuita mitumbwi irudi. Mwenye kuuliza maswali alikuwa kijana wa koti jeusi, Ba Given; huku "Ba" ni neno la heshima. Alisoma sheria: mwenye kuitwa anajibu peke yake, mwenzake ananyamaza, na jibu la kwanza njo jibu. Mutu wa nyuma akisaidia, timu yake inatolewa.

Maswali yakaanza kwa vijana wawili wa Puta, warefu, wenye mashati yaliyopigwa pasi.

"Man o' War ni mwana wa farasi gani?"

"Fair Play," mukubwa wao akajibu.

"Ni kweli!"

Watu wakapiga makofi; Kafula alikuwa anarudia majina yake chini-chini, hakusikia. Mimi mikono ilibaki juu ya magoti. Fair Play lilikuwa lile jina lingine la kando. Fair Play ni baba. Mahubah ni mama. Na Kafula, mutoto wa Kibemba, ambaye ukoo wake ni wa mama yake, na wa mama ya mama yake, alikuwa amejifunza kijitabu chote kwa upande wa mama.

Nikamuvuta BanaKafula kitambaa. "Mutoto wako alishika mama za farasi."

"Eeh. Na?"

"Hawa wanauliza baba."

"Baba?" Akanigeukia muzima-muzima. "Baba ya farasi anafanya nini? Anapita njiani tu! Mwenye kubeba tumbo ni nani?"

"Najua, mama, lakini karatasi yao..."

"Nyinyi Bakongomani na baba zenu! Mutoto munasema ni wa baba, na baba mwenyewe iko Lubumbashi kwa bibi mwingine!"

Wanawake wa nyuma yetu wakacheka mupaka wakapigana mabega. Nilicheka na mdomo tu.

Nilitaka Kafula anione. Alipotazama nyuma, nilijishika kidevu na kuvuta ndevu nisizokuwa nazo. Baba, mutoto wangu, baba! Akanitazama, akafikiri ninawashwa, naye akajikuna kidevu.

"Mama wa kitenge cha kijani!" Ba Given akaita. "Nikiona tena mukono ule, natoa timu yako."

Sale nzima ikageuka. Niliweka mikono chini ya mapaja na kuikalia. Sasa hata mbu akitua puani nisingemupiga. Princesse aliinamisha kichwa, na nikaona shingo yake imelowa jasho.

Kafula akaitwa mara mbili. Swali la kwanza likawa la mwaka. Akajibu. La pili likawa la jina la uwanja. Akajibu. Timu zingine zilitoka moja moja, tukabaki sisi na Puta. Vijana wa Puta walimaliza maswali yao wakiwa mbele kidogo. Kwetu lilibaki swali moja, kubwa: tukipata tumeshinda, tukikosa ni Puta. Nilihesabu zamu na vidole vyangu chini ya mapaja. Ilikuwa ya Kafula.

"Secretariat," Ba Given akasoma taratibu, "yule wa mwaka wa 1973. Ni mwana wa farasi gani?"

Princesse alifunga macho. Yeye alikuwa amesikia lile jibu la Puta sawa mimi, na juu ya sheria midomo yake ilikuwa imeshikana sawa kifuniko na sufuria.

"Somethingroyal!" Kafula akasema, kwa furaha yote.

"Hapana. Jibu ni Bold Ruler."

Vijana wa Puta wakarukiana shingoni. Mbele yangu nikaona kisiwa, moshi, na musichana anayegeuza samaki za watu.

"Huyo Bold Ruler ni nani?" Ilikuwa BanaKafula, amesimama.

"Ni baba yake, mama. Tafadhali kaa."

"Na mama yake ni nani? Soma! Tuko hapa tunasikia."

Ba Given akatazama karatasi yake. Akaitazama sana. "Somethingroyal," akasema polepole.

Kelele iliyotoka ingetisha viboko. Mukubwa wa vijana wa Puta akapaza sauti: "Farasi inahesabiwa kwa baba, dunia yote! Hata kwetu!" Princesse akainua mukono, akaruhusiwa. "Bwana, kijitabu chenu kinaandika wote wawili. Swali halikumukataza mama."

Mukubwa wa waamuzi alikuwa Ba Agnès, mwalimu wa zamani mwenye miwani ya kamba. Aligonga meza na kalamu.

"Ba Given, wewe ni wa ukoo gani?"

"Mwina Ng'andu, mama."

"Baba yako ni Mwina Ng'andu?"

"Hapana." Akashika kola. "Mama."

Watu walipiga mabenchi. Ba Agnès hakucheka. Aliinamiana na waamuzi wenzake, wakanong'ona, wakafungua kijitabu, wakakifunga, wakakifungua tena.

"Wenye farasi wanahesabu kwa baba," akasema mwishowe. "Kafula, ujue hivyo, ku Mansa watakuuliza tena. Lakini hapa mutoto hakosi juu ya kumutaja mama. Jibu linapokelewa."

Mama wa vijana wa Puta alichukua mufuko wake na kutoka bila kugeuka, na nilimuhurumia. Watoto wetu walikuwa wanalia na kuruka pamoja. BanaKafula alinibeba kweli, miguu ikaacha sakafu.

Nilipotoka nje nilitafuta simu mu kitambaa cha kiunoni. Nikakosea namba, nikaanza upya. Chouchou akaitika kwa kelele za mashua.

"Chouchou, tafuta mikono mingine. Princesse anaenda Mansa."

"Mansa? Nani anamupeleka?"

Nikafungua mdomo nimueleze, na sikujua nianzie kwa farasi gani.