Meno ya Dominika

Mama Dominika hakuteremka kutoka Makote mpaka Masasi kuja kutazama vinyago. Alikuja kumchukua mjukuu wake, basi. Tangu mafuriko yamchukue binti yake Dominika kule bondeni wanakoteka maji, alikuwa na neno moja tu juu ya mkwewe Bonifasi: mwanamume mzima, ana nguvu zake, ajiokoe yeye na mtoto, mke amwachie maji! Na kwa desturi yao mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo ulikwisha kata shauri, na Bonifasi alikwisha pelekewa habari.

Akaambiwa Bonifasi yuko ukumbi wa misheni, kuna maonyesho ya vinyago alivyochonga, Bwana DC na mkewe wamekuja. Akaingia humo humo na vumbi lake la safari, hasira zimemfika kooni.

Watu walikizunguka kinyago kimoja cha mpingo. Mwalimu Cecil, mtu wa Masasi, na tai yake shingoni, alikuwa akiwafafanulia wageni.

"Hii ni gharika. Mwanamume huyu kambeba mtoto begani, anapigania roho zao. Na huyu wa chini, mwenye meno makali, ni shetani wa maji. Anamng'ata mkono amzamishe!"

Shetani? Ebo! Mwalimu mzima hajui meno yaliyochongwa? Kule kwao msichana asiyechongwa meno nani angemwita mzuri? Mama Dominika akapenya akamwambie. Akakitazama kinyago kwa karibu.

Chale zile za mashavuni alizijua. Na lile jino la mbele, limekatika upande siku patasi ya fundi ilipoteleza, naye mwenyewe alikuwa amemshika binti yake kichwa.

"Mungu wangu! Huyu ni mwanangu!"

Macho yake hayakubanduka kwenye kinyago. Vidole vya mwanamume vilikuwa vimeukamata mkono wa Dominika, vimekaza. Vya Dominika vilikuwa wazi. Alikuwa akiuuma mkono ule ule uliomshika, huku macho yake yako juu, kwa mtoto.

Bonifasi alikuwa ukutani, mkono mfukoni.

"Shikamoo, mama."

Mama Dominika aliutoa mwenyewe ule mkono mfukoni, akaugeuza. Palikuwa na kovu, lile ambalo wote waliambiwa ni la tezo yake ya kuchongea. Tezo gani hiyo yenye alama za meno, na pengo la upande pale pale?

"Kwa nini hukusema, Bonifasi?"

"Ningesemaje, mama? Kwamba mke wangu aliniuma nimwachie?" alisema Bonifasi. "Maji yalikuwa yanatubeba sote watatu. Mimi nilikataa. Yeye akauma mpaka mfupani."

Mama Dominika aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Alilia mbele ya Bwana DC, mbele ya kila mtu, wala hakujali.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza baadaye.

"Nyumbani, mama. Nguo zake nimekwisha zifunga."

"Nenda kazifungue."