Marehemu Aliyeuliza Maana ya "Alleged"

Nerima alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni pake, mtaa wa Rhonda, Nakuru, gazeti limetandazwa chini, neno "alleged" lilipomshika. Alikuwa nesi asiye na ajira, na mtihani wa Kiingereza wa kumpeleka kazi ng'ambo ulikuwa umekaribia. Mwalimu Gedion, aliyewafundisha yeye na wenzake katika ukumbi wa kanisa, alimpa kila mwanafunzi habari moja ya kufuatilia magazetini. "Msikariri kamusi," alisema. "Neno hukaa kichwani kama kuna mtu ndani yake." Nerima alipewa habari ya kiwanda kimoja cha mbao kule Elburgon, ambako boila, tangi la mvuke, ililipuka na kuua wafanyakazi.

Akalitamka neno kwa sauti. Mwanamume wa makamo akasimama mlangoni, nyusi zimejaa vumbi la mbao, shati limeungua upande mmoja.

"Hodi, sister. Naitwa Ooko. Mimi ni mmoja wa wale walikufa Elburgon."

Nerima akamwambia akaribie, ila asikanyage mboga.

"Hilo neno wameliandika kila mahali," Ooko alisema. "Maana yake ni nini?"

"Inasemekana."

"Inasemekana nimekufa?"

"Hapana. Inasemekana ni uzembe wa kiwanda."

Ooko alifikiri. "Mimi nilimwambia meneja boila inavuja. Akaniambia nizibe na nirudi kazi. Hiyo haijasemekana popote."

Tangu hapo alikuja kila jioni. Jirani, Tabby, alimsalimia na kumwomba amwinulie mtungi wa maji. Alilalamika tu kwamba vumbi lake linashika nguo zilizoanikwa. Kila gazeti lilipoleta neno jipya, "negligence", uzembe, au "liability", dhima, Nerima alimweleza marehemu, na marehemu akamweleza jinsi lilivyokuwa: mvuke ulivyolia, nani alikuwa amesimama wapi. Mwalimu Gedion alimsifu mbele ya darasa. Alisema Kiingereza chake sasa kina uzito.

Kisha gazeti likatangaza kwamba tume ya uchunguzi ingeketi Nakuru mjini siku ya Alhamisi.

"Utanisemea," Ooko alisema. "Wakubwa watakuja na mawakili. Bibi yangu, Achola, Kiingereza hana."

"Kutakuwa na mkalimani."

"Mkalimani hakuniskia. Wewe umeniskia."

"Na wewe mwenyewe?"

"Nilienda kuandikisha jina niwe shahidi. Karani akasema kitambulisho changu kilirudishwa serikalini nikizikwa."

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani, Nairobi. Nerima alimwambia akiwa ameligeukia jiko. Ooko alikung'uta vumbi la mbao shatini.

"Nenda, sister," akasema. "Wewe bado uko na maisha ya kupanga."

Akaenda. Swali la insha lilihusu usalama kazini. Nerima aliandika yote: boila, meneja, mvuke, na kila neno likakaa mahali pake. Hakuwahi kuandika vizuri vile. Saa hizo hizo, Nakuru, Achola alisimama akaieleza tume, kwa Kijaluo, kwamba mumewe alikuwa akilalamikia boila iliyovuja. Mkalimani akasema mumewe alilalamika kwamba kazini kulikuwa na joto.

Nerima alipita kwa alama za juu kabisa. Wiki hiyo hiyo gazeti lilitoa uamuzi wa tume kwa neno moja, na jioni Ooko akaja kuuliza maana yake.

"'Inconclusive'," Nerima alisema. "Ni kusema ukweli haukujulikana."

"Lakini wewe unaujua."

"Naujua."

"Na uliandika?"

"Niliandika."

"Nisomee."

"Karatasi hazirudishwi, mzee. Wakishasahihisha, wanabaki nazo."

Ooko akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Boila ya Elburgon ilitiwa kiraka, ikawashwa tena, na vijana wengine wakaajiriwa. Siku Nerima aliposafiri, Ooko alimbebea sanduku hadi stejini, kwa kuwa lilikuwa zito. Walipopeana mikono, mkono wa marehemu ulikuwa moto. Nerima alitafuta neno la kuomba radhi, kwa Kibukusu cha kwao, kwa Kiswahili, lakini maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya mtihani.

"I sincerely regret," akaanza.

Ooko alisubiri amweleze maana yake. Dereva akapiga honi, Nerima akapanda.