Safari ya Ndege Iliyopangwa Edani

Kikohozi cha Kificho kilikuwa mashuhuri Wawi nzima. Kikitangulia, ujue nyuma yake linakuja katazo. Kwa hivyo Bi Rahila alipokisikia nje ya pazia la ukumbi wake, hakuhangaika kuinuka mkekani. Alivuta vizuri nguo zake nyeupe za eda, simu akaiweka mapajani.

"Asalaam alaykum, shemeji."

"Waalaykum salaam. Haya, leo katazo gani?"

"N'nasikia safari ya wageni ingalipo."

"Ipo. Jumamosi."

"Na weye uko edani!"

"Nimo. Kwani umenikuta mjini Chake nachagua doti za kanga?"

Marehemu mumewe, Pandu, kaka yake Kificho, alikuwa akiwatembeza watu kuangalia ndege, hasa wale wanne ambao Mwenyezi Mungu kawaweka Pemba na kwengine kokote hakuwaweka: ninga wa kijani, chozi, kinengenenge, na yule bundi mdogo. Pandu alikuwa na miguu na maneno. Aliwaapia wageni kuwa ninga wa Pemba wamenona hata wakitua juu ya mkarafuu, mti huomba radhi. Lakini vyumba, gari, chakula, wapi pa kwenda asubuhi na wapi jioni, vyote hivyo alivipanga Rahila, na hakuna aliyemjua. Sasa Pandu katangulia mbele ya haki, na hii ndiyo safari ya kwanza bila yeye. Ikivunjika, basi kazi yao yote imekwisha, au itaangukia kwa Kificho, ambaye hamjui chozi wala chiriku, na tayari keshaiomba simu ya marehemu, yenye namba za wageni wote, "aitunze."

"Watu watasema, shemeji."

"Watu walisema Pandu kanilisha dawa hata nikakubali kuolewa naye. Wazoefu hao."

"Na Shehe je?"

"Nimemuuliza kwa kinywa cha mwanangu Kauthar. Kasema nisitoke bila ya dharura na nisijipambe. Kupanga safari hakukutaja."

Kificho akakohoa upya. "Na yule bundi? Tangu hitma kakaa juu ya mkarafuu wako, kila magharibi analia. Bundi nyumba ya msiba! Anaita ntu mwengine huyo. Nitakuja kumfukuza, na mti nitaukata."

"Mkarafuu kaniachia baba yangu. Uguse, nipige ukelele wanisikie mpaka kisiwani Fundo. Na huyo bundi kaja kutoa pole, kakaa, hajaniomba simu ya marehemu. Sasa mkosi nani hapo?"

Kificho akaondoka bila kuaga. Kabla ya alasiri habari ikaja: gari ya dereva wao Hafiz, iliyokuwa iwachukue wageni mpaka msitu wa Ngezi, imeharibika.

"Uwongo, mama," Kauthar alisema. "Nimeiona Wesha inabeba saruji."

"Mbovu hiyo, inabeba saruji?"

"Na madereva wengine wa magari nao wote wana udhuru. Ba mdogo Kificho kawapitia mmoja mmoja."

Ngezi iko mbali kaskazini, na bila gari hapana Ngezi. Rahila akatazama nje kwa dirisha la jikoni, kama alivyokuwa akitazama kila siku tangu alipofungiwa na eda. Chozi dume alikuwa anachezea ua la mgomba, anang'ara kama kapakwa mafuta. Rahila akamtazama, akamtazama tena, kisha akaichukua simu.

Akampigia Bhumi, daktari wa Dar es Salaam, binti wa lile duka la zamani la vitambaa pale Chake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaleta wageni.

"Bi Rahila, usijitaabishe. Tungoje umalize eda."

"Nani kakwambia tungoje? Safari imebadilisha njia tu. Njooni kwangu, kwa bodaboda."

"Kwako wako ndege?"

"Kwangu ndiko makao makuu! Chozi huingia jikoni kudai sukari. Na bundi wangu ana adabu, kukiadhiniwa tu anaitikia."

Jumamosi baada ya alasiri wageni wakaja, na Bhumi pamoja nao. Wanawake waliingia ndani, wanaume wakakaa uani karibu na kisima, na Rahila akawaongoza kwa sauti tu kutoka nyuma ya dirisha. "Tazameni ua la mgomba. Haya, sasa mpera, wale kinengenenge wadogo wenye pete nyeupe machoni." Ninga alichelewa mpaka Rahila akaishiwa na ndege wa kuonyesha. Kisha wakaja kundi zima, na mzee mmoja mgeni akaiacha darubini akaangalia kwa macho yake tu.

Jua lilipokuwa linazama, Kificho akatokea na sufuria mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, na nyuma yake majirani. Hapo hapo bundi akalia mkarafuuni. *Hu.* Wageni wote wakaganda.

Kificho akainua mwiko.

"Ligonge!" sauti ikatoka dirishani. "Ligonge, kisha uwaambie hawa kakutuma nani. Shehe? Au Pandu?"

Yule mzee akageuka, kidole mdomoni. "Sss! Bwana, tafadhali."

Majirani walikuwa washakaa kitako, shingo juu, wanamtafuta bundi. Mwiko ukabaki hewani, kisha ukashuka.

"Mwanamke edani," Kificho alinong'ona, "anaendesha safari!"

"Edani, naam. Na nikitoka, Ngezi nitawapeleka mwenyewe, nami nitakuwa mbele. Bhumi, andika: safari ijayo, mwenye safari Rahila. Jina la mtu mwengine usitie."

Kificho akageuka aende zake. Mwiko ukagonga sufuria kidogo, *ting*, na wageni na majirani wote wakamgeukia: "Sss!" Akalikumbatia sufuria lake kifuani, akaondoka ananyata kwa ncha za vidole.